Mama Mfuniko na Chakula Kilichosubiri Hotuba

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijaanza, nendeni jikoni mkafunike. Ndiyo, sasa hivi. Sufuria iliyoachwa wazi, bakuli la mboga, jagi la maziwa. Nendeni, nitawasubiri.

Mmerudi? Haya.

Leo tunamkumbuka mama aliyezikwa wiki iliyopita. Alikuwa mpishi wa mikusanyiko ya nje. Harusi, misiba, mahafali, siku za michezo, popote palipofungwa turubai na kupangwa viti vya kukodi, yeye alikuwa nyuma yake na masufuria. Mji mzima ulimwita Mama Mfuniko. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: tunamkumbuka Mama Mfuniko, mpishi wa nje.

Na niseme mapema, leo msitegemee sauti tamu. Mtayarishaji wa kipindi amenisihi niongee taratibu, eti kumbukumbu inataka upole. Nimemwambia marehemu mwenyewe hakuwahi kuongea taratibu tangu nimfahamu, na leo nina hasira kama zake. Mnaonijua mnajua huwa naongeza chumvi kwenye habari zangu. Leo chumvi ni kidogo. Pilipili ndiyo nyingi.

Aliitwa Mama Mfuniko kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya kelele zake. Chakula kikishaiva, alishika mfuniko wa sufuria kubwa mkono wa kushoto, upawa mkono wa kulia, akagonga. Paa! Paa! Paa! Maana yake: chakula kiko tayari, kaeni, naweni mikono, mle sasa. Sasa, si baadaye. Kama kuna mtu anahutubia, shauri yake. Wapo wanaosema akigonga ule mfuniko, kunguru waliokuwa kwenye nyaya za umeme walishuka wakapanga foleni. Hilo sikuliona kwa macho. Ila nzi walimkoma, na hilo nililiona. Nzi wa mji huu walikuwa wakimwona anakuja wanahamia msiba mwingine.

Mume wake ni fundi cherehani. Duka lao ni chumba kimoja chenye dirisha pana linaloangalia barabara, na nyuma yake kuna ua mdogo ambako masufuria hulala kifudifudi juani. Fundi ni mpole. Mpole kiasi kwamba akitaka kupiga chafya huomba radhi kwanza. Haya nitakayowaambia nimeyapata kwake, tumekaa dukani, yeye akizungusha kipande cha chaki vidoleni, cherehani imefunikwa kitambaa. Kwa hiyo mkisikia jambo la moyoni, ni la moyo wake.

Tuanze mwanzo.

Mama Mfuniko hakuanza na upishi. Alianza na vifungo. Fundi alikuwa akishona sare za shule ya mtaa wao, na mkewe alikaa karibu na dirisha akishikiza vifungo. Walikuwa na binti mmoja, mwanafunzi wa shule hiyo hiyo. Binti mrefu, mcheshi, anayependa kutumwa. Ukimtuma dukani anarudi mbio na habari za mtaa mzima. Baba yake alimwita "gazeti langu".

Ikafika siku ya wazazi. Wanafunzi wakakaa uwanjani, wazazi wakakaa chini ya turubai. Chakula kilipikwa tangu alfajiri: wali na nyama, mabeseni makubwa, yakapangwa nyuma ya madarasa. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa mmoja. Simtaji. Mheshimiwa alitarajiwa asubuhi.

Mheshimiwa alifika jua limeanza kushuka.

Nasema tena, wasikilizaji wapendwa, maana hapa ndipo pote palipoharibikia. Chakula kiliiva asubuhi. Mgeni alifika alasiri. Katikati hapo, mabeseni yalikaa juani yamefunikwa plastiki ya buluu, ile ya kuezekea banda. Mzazi mmoja aliuliza, "Jamani, kwa nini watoto wasile tu?" Mwalimu mkuu akamjibu, "Hatuwezi kula kabla ya mgeni. Watatuonaje?" Basi watoto wakakaa na njaa ili mtu aliyechelewa aonekane ameheshimiwa. Na ile plastiki ikawa inatoa jasho, jasho linadondoka ndani ya wali, wali unavuguvugu, si wa moto, si wa baridi. Vuguvugu, wasikilizaji wapendwa. Hapo ndipo vijidudu huoa na kuolewa na kupata wajukuu kabla hotuba haijaisha.

Mheshimiwa alipofika hakupelekwa kwenye mabeseni. Alipelekwa ofisini. Huko akakaangiwa kuku, papo hapo, wake peke yake. Na wakatafuta mwanafunzi mwenye adabu wa kumpelekea sinia. Wakamchagua yule anayependa kutumwa. Gazeti la baba yake.

Alilipeleka, akasalimia kwa kuinama kidogo, akatoka. Mheshimiwa akala, akanawa, akaja uwanjani, akahutubia. Mnajua alihutubia nini? Lishe bora. Naapa, hapo sijaongeza hata punje ya chumvi. Alizungumza juu ya lishe bora mpaka vivuli vikawa virefu. Kisha watoto wakala.

Usiku ule mtaa mzima ulikuwa ndoo na matapishi. Wengi walipona. Binti wa fundi hakupona.

Alichomwambia mama yake kitandani, akiwa bado ana nguvu ya kuongea, ni hiki: "Mama, kuku wa mgeni alikuwa wa moto. Nilipofunua sinia, mvuke ulinipiga usoni."

Hakuwa analalamika. Alikuwa anampa mama yake habari, kama kawaida yake.

Shule ikasema ni maji. Halafu ikasema watoto wanaokota matunda njiani. Walipoona hayo hayauziki wakasema ni mapenzi ya Mungu. Mapenzi ya Mungu! Mungu ndiye aliyepanga ratiba ile? Mungu ndiye aliyechelewa? Ratiba iliandikwa na mwalimu mkuu, akaigonga muhuri. Mheshimiwa naye akaleta shada la maua kwenye mazishi, lina utepe wenye jina lake. Jina la mtoto halikuwemo.

Baada ya mazishi, mama alivaa viatu akasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?" mumewe akamuuliza.

"Kwa Mheshimiwa. Nina swali moja tu. Siku ile yeye alikula nini?"

"Mama, unajua alikula nini. Mtoto alikwambia."

"Najua. Nataka aseme kwa mdomo wake. Aseme mbele yangu: nilikula cha moto, wao wakala kilicholala juani wakinisubiri mimi."

Fundi akatazama meza yake. Juu ya meza kulikuwa na rundo la vitambaa vya sare, vimekatwa, vinasubiri kushonwa. Shule nzima ilikuwa inavaa mkono wake, na Mheshimiwa alikuwa kwenye bodi ya shule.

"Mama," akasema, "tulia. Tulia kwanza, mke wangu. Tukianza ugomvi na wale watu, tutakula nini?"

Mkewe akalitazama rundo lile. Kisha akavua viatu. Hakulia, hakugomba. Ila tangu siku hiyo hakushikiza tena kifungo hata kimoja cha sare. Fundi akawa anashona sare na kushikiza vifungo mwenyewe. Na mama akanunua sufuria.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nisiwadanganye kwa kuwa amefariki. Kuishi na mama yule kulikuwa kazi. Kufanya naye kazi ndiyo usiseme. Muulizeni mdogo wake, aliyepika naye miaka yote. Kuna siku, kwenye mahafali, mdogo mtu alipanga kuku wabichi ndani ya boksi la barafu, na chini yao akaweka saladi iliyokwisha katwa. Nafasi ilikuwa ndogo, akaona ni akili. Dada mtu akafungua boksi, akaona maji mekundu yamedondokea nyanya.

"Hii nini?"

"Dada, nimefunga mfuko."

"Umefunga mfuko unaovuja. Hizi nyanya zitapita motoni?"

"Saladi haipiti motoni, dada."

"Basi damu ya kuku nayo haitapita motoni. Itapita tumboni kwa bibi wa watu."

Akamwaga saladi yote. Mdogo mtu akamwambia, "Wewe si mpishi, wewe ni askari wa jalala!" Wakanuniana mpaka sahani za mwisho. Lakini tangu hapo wakawa na maboksi mawili: la nyama mbichi lenye kitambaa chekundu, na la vinavyoliwa bila kupikwa. Yalikaa kivulini, yamefunikwa magunia yaliyoloweshwa maji, na mtu akifungua bila sababu alikuwa anasikia, "Funga! Unapasha joto dunia yote?"

Alikuwa na masharti yake. Kisu cha nyama mbichi hakikukatia mkate. Kilichotoka motoni kiliwakuta walaji wamekaa, si wanapiga picha. Kilichokaa nje kikapoa hakikurudi mezani kwa mlango wa nyuma. Na mikono ilioshwa kwa maji yanayomiminwa, si kila mtu kuchovya vidole kwenye bakuli moja. "Hilo si bakuli la kunawia," alikuwa akisema, "hilo ni supu ya mikono."

Mara nyingine alizidisha. Kwenye harusi moja alitupa mikate mikavu isiyo na kosa lolote, kwa sababu tu nzi alitua juu ya kikapu. Mama wa bibi harusi alilia kama aliyefiwa. Fundi ilimbidi aende kesho yake kuomba msamaha, kofia mkononi. Alikuwa bingwa wa kuomba msamaha, fundi wetu. Nusu ya mji alikwisha kuuomba msamaha kwa niaba ya mkewe.

Lakini waliendelea kumwita. Unajua kwa nini? Kwa sababu kwenye harusi zake watu kesho yake walimzungumzia bibi harusi. Kwenye harusi za wengine walizungumzia choo.

Na washereheshaji walimwogopa. Mmoja alimfuata jikoni, kipaza sauti kwapani.

"Mama, vumilia kidogo, bado mjomba wa bwana harusi hajatoa nasaha."

"Azitoe. Nimemzuia?"

"Sasa si unagonga mfuniko, watu watainuka!"

"Waje wale, waketi nazo sahani, wamsikilize wakitafuna. Nasaha zikipoa zinafaa hata kesho. Huu wali una masikio?"

Paa! Paa! Paa!

Mheshimiwa yule naye aliendelea kuwa mgeni rasmi, kila mahali, kila mwaka, na kila mahali alichelewa. Na mara nyingi nyuma ya turubai alikuwapo Mama Mfuniko. Aligonga mfuniko katikati ya hotuba zake bila haya. Mheshimiwa akawa anacheka, anageuka, anapunga mkono: "Mama yetu ananipigia ngoma!" Watu wanacheka. Hakuwahi kujua ni nani anayemgongea.

Na kila aliporudi nyumbani kutoka shughuli kama hiyo, mama alikaa kwenye kigoda uani, akavua viatu, akamwambia mumewe, "Leo pia sijamuuliza."

Fundi akarudi kwenye cherehani yake.

Mara moja tu alijikaza akasema, "Kwa nini hukumuuliza? Alikuwa mbele yako."

Mkewe akamjibu, "Uliniambia nitulie. Nasubiri uniambie, haya, muulize."

Na fundi, wasikilizaji wapendwa, alisema nini? Alisema, "Chai iko wapi?"

Hilo ndilo lililokuwa linamzungushia chaki vidoleni. Miaka yote ile maneno yalikuwa mawili tu, "haya, muulize," na yeye akawa anaulizia chai.

Mama Mfuniko alifariki mchana kweupe, uani kwake, akisugua sufuria. Moyo. Alikaa chini taratibu, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake alifanya jambo taratibu, akamwonyesha mdogo wake kwa kidole bakuli lililokuwa juu ya ukuta, akasema, "Funika lile." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Nilimuuliza mdogo wake mara mbili, nikidhani mwenzangu ananiongezea chumvi. Aliniapia.

Sasa sikilizeni msiba wake. Msiba wa mpishi wa misiba.

Kamati iliongozwa na kaka mkubwa wa fundi, mtu wa sauti nzito na saa kubwa mkononi. Majirani walipika alfajiri. Wali na nyama. Kisha simu ya kaka mkubwa ikalia. Mheshimiwa amesikia habari, amehuzunika sana, anakuja. Anaomba wamsubiri kwa chakula.

Kaka mkubwa akavimba kwa fahari. Mazishi yakafanyika, watu wakarudi kutoka makaburini, jua kali, vumbi miguuni, njaa. Hakuna aliyepakuliwa. Fundi akapita katikati ya viti, akazunguka nyuma ya nyumba.

Mabeseni yalikuwa yamepangwa ukutani, juani. Yamefunikwa turubai la buluu.

Fundi aliniambia: "Nililiangalia lile turubai, nikafikiri nimekufa mimi, na haya ndiyo maswali yangu ya kaburini."

Akalinyanyua upande. Matone yakadondoka ndani ya wali. Akaweka mkono juu ya nyama. Vuguvugu. Mdogo wa marehemu alikuwa amekaa pembeni, macho mekundu.

"Kimekaa hapa tangu lini, shemeji?"

"Tangu asubuhi. Nilitaka kuwapakulia watu kabla ya kwenda makaburini, wakaninyang'anya upawa. Wakasema mimi nina wazimu wa dada yangu."

Fundi akavua koti. Akalikunja vizuri, kama anavyokunja kila kitu. Akashika beseni la kwanza kwa masikio, akalivuta mpaka kwenye shimo la taka, akalimwaga.

Kaka mkubwa alikuja anakimbia, saa inacheza mkononi. "Wewe! Una akili? Watu wana njaa! Umeona wapi msiba unamwagwa chakula?"

"Msiba wa Mama Mfuniko," akasema fundi, na akarudi kuchukua beseni la pili.

"Mheshimiwa yuko njiani!"

"Kaka, yuko njiani tangu mwanangu akiwa hai."

Watu wakakusanyika. Wengine wakalaani, na siwalaumu, njaa si mchezo. Shangazi mmoja mwenye fimbo akasema, "Achaneni na maringo hayo. Sisi tumekula vibaya kuliko hivi na tuko hai."

Fundi akasimama, beseni mikononi. "Walio hai ndio wanaosema hivyo, shangazi. Wale wengine hawapo wa kukujibu."

Shangazi akalitazama shimo. Kisha, sijui ni nini kilimpata, akachimbua mchanga kwa ncha ya fimbo akaanza kufukia shimo ili mbwa wasifukue.

Basi wakala nini? Marehemu alikuwa na jibu lake. Kuna vyakula alivyoviita vyenye mfuniko wa kuzaliwa nao. Ndizi. Chungwa. Yai la kuchemsha. Mdogo wake akawatuma binamu dukani na sokoni. Chai ikachemshwa upya, ikatokota mpaka ikanung'unika. Maji ya kunawa yakamiminwa, mikono kwa mikono. Watu wakakaa wakimenya ndizi na mayai, na hasira zikapungua, maana tumbo likipata kitu, ulimi hupumzika.

Wakiwa katika kumenya, Mheshimiwa akafika. Magari, vumbi, vijana wenye miwani nyeusi. Akapewa kipaza sauti kabla hajakalia kiti.

"Marehemu," akaanza, "alikuwa rafiki yangu mkubwa. Alikuwa akinipigia ngoma kila nilipo—"

Paa!

Watu wakageuka. Paa! Paa! Fundi cherehani, mtu anayeomba radhi kabla ya chafya, amesimama na mfuniko mkono wa kushoto na upawa mkono wa kulia.

Mheshimiwa akacheka. "Kumbe fundi naye amerithi ngoma!"

Hakucheka mwingine.

"Mheshimiwa," fundi akasema. Hakushusha mfuniko. "Mke wangu alikuwa na swali lako. Mimi ndiye niliyemzuia. Leo naliuliza. Siku ya wazazi, pale shuleni. Wewe ulikula nini?"

"Siku ipi, mzee wangu?"

"Siku uliyochelewa."

Mheshimiwa akatabasamu, akawageukia vijana wake. "Fundi, siku nilizochelewa mbona ni nyingi!"

Na vijana wake wakacheka. Wasikilizaji wapendwa, wakacheka. Hakuwa anakwepa. Laiti angekuwa anakwepa! Hakumbuki. Mtoto wa watu amelala chini miaka yote hii, mama yake amekufa na swali kifuani, na mwenye kuulizwa hajui hata anaulizwa siku gani.

Fundi akangoja kicheko kiishe.

"Ulikula kuku," akasema. "Wa moto. Aliyekuletea sinia alikuwa binti yangu. Alipolifunua, mvuke ulimpiga usoni. Kisha akarudi uwanjani akala kile kilichokuwa juani kinakusubiri. Sasa umekumbushwa. Hutasema tena hujui."

Mheshimiwa akasema kitu kama, "Ah, pole sana, mzee, mambo ya zamani hayo, sote ni binadamu," akainua tena kipaza sauti apate kuendelea.

Fundi akachukua ndizi kutoka kwenye kikapu, akamwekea mkononi. "Karibu, Mheshimiwa. Leo utakula tulichokula sisi. Hapa hakuna ofisi."

Na mdogo wa marehemu akashika mfuniko mwingine. Paa! Akafuata mama jirani. Akafuata shangazi, yeye hakuwa na mfuniko, akagonga fimbo kwenye beseni tupu. Hotuba haikuendelea. Mheshimiwa akarudi kwenye gari na ndizi yake. Wapo wanaoapa kwamba aliila na ganda lake kwa kuchanganyikiwa. Hiyo sasa ni chumvi, tena si yangu. Ninachojua ni kwamba mlango wa gari ulifungwa, na milio ya mifuniko ikalisindikiza mpaka kona.

Je, aliomba radhi? Hakuomba. Mwalimu mkuu wa wakati ule, aliyestaafu kwa sherehe na zawadi, je, aliomba radhi? Hakuomba. Kilichofuata ni kwamba wiki hii shule ilimtuma mtu dukani kuchukua vitambaa vya sare. Wamepata fundi mwingine. Nilimuuliza fundi alimjibu nini mtu yule.

"Nilimpa," akasema. "Nimevikunja vizuri."

Kisha akaniambia jambo la mwisho, na hili nalisema kama alivyolisema. "Mzee, wale watu wanadhani wameninyang'anya kitu. Vitambaa vile ndivyo vilivyonifunga mdomo. Laiti ningevirudisha siku ile ile mke wangu alipovaa viatu."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole fundi. Tunampa pole mdogo wa marehemu, aliyebaki na maboksi mawili na masharti yote. Tunawapa pole majirani, na hata kaka mkubwa tunampa pole, maana naye ana mengi ya kufikiri akiitazama saa yake. Na tunampa pole, kwa kuchelewa mno, kila mzazi wa shule ile aliyeambiwa ni maji.

Ninyi nyote, mwisho wa wiki hii mtakuwa na shughuli zenu. Turubai litafungwa. Viti vitapangwa. Chakula kitaiva, na mtu mmoja mkubwa atakuwa hajafika, na mwingine mwenye saa kubwa atasema, tumsubiri. Jiulizeni hapo hapo, mkiwa wima karibu na sufuria: kinachosubiri juani ni chakula cha nani? Na yeye huko aliko anakula nini?

Desturi ya kipindi hiki ni kumaliza kwa dakika moja ya kimya. Leo hakuna. Nilimuuliza fundi kama anaitaka, akasema kimya alichokaa yeye kinatutosha sote. Badala yake amenipa mfuniko wa mkewe, nimekuja nao hapa studio. Mtayarishaji ananikodolea macho kupitia kioo, anakata shingo kwa kidole, anasema nitaharibu mitambo.

Iharibike.

Shikeni mifuniko yenu.

Paa! Paa! Paa!